Wafuasi 14,000, oda zilezile: nimwajiri nani sasa?

Kwa washauri wa safu hii,

Salaam. Nina karakana ya samani: vitanda, makabati na meza za kulia chakula. Mafundi ni wanne, na mauzo nayasimamia mwenyewe. Kwa wastani tunapata oda 14 kwa mwezi, nyingi zikitoka kwa watu walioelekezwa na wateja wa zamani. Katika kila 100 ninayouza, 60 inakwenda kwenye mbao, vitasa, vanishi, ujira wa mafundi na usafiri. Inayobaki ni 40, na humo ndimo napolipa pango na mengineyo.

Mwaka jana nilimwajiri kijana wa masoko kwa miezi sita. Ujira wake na fedha za matangazo kwa pamoja vilifikia bei ya oda mbili kila mwezi. Kila mwisho wa mwezi aliniletea ripoti nzuri: watu 200,000 wamefikiwa, wafuasi wametoka 900 hadi 14,000, matangazo yamerudisha fedha mara tatu. Nikifungua daftari la oda naona 13, 15, 14, 16, 13, 14. Nilipomuuliza alisema chapa hujengwa taratibu, nikaona haya kubishana juu ya jambo nisilolisomea. Tulipoachana, ukurasa ulibaki kwake kwa sababu aliufungua kwa akaunti yake.

Sasa nina watatu mezani. Wa kwanza anaahidi kunifikisha nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya siku 30 na kuongeza mauzo maradufu. Wa pili ana kazi za kupendeza na nembo za kampuni kubwa, ila nikimwomba takwimu anasema ni siri za wateja wake. Wa tatu ni ghali karibu mara mbili ya wenzake. Aliniuliza maswali saa nzima, akataka kuona daftari langu la oda, nikashtuka. Akasema mwezi wa kwanza tusitangaze kabisa. Anataka ujira wa msingi, juu yake asilimia 15 ya bajeti ya matangazo, na mkataba wa mwaka mzima.

Nitamjuaje anayejua kazi kabla sijapoteza miezi sita mingine? Niongeze kwamba ujumbe wa wateja hujibiwa na binti yangu jioni akirudi kutoka chuoni.

Mwenye karakana

JIBU

Ndugu mwenye karakana,

Tuanze na yule aliyeondoka, kwa sababu daftari lako lilikuwa na jibu tangu mwezi wa pili. Tuite bei ya oda moja 100. Ulikuwa ukitoa 200 kila mwezi, na kila oda hukuachia 40. Ili fedha hizo zirudi tu, bila faida hata kidogo, zilihitajika oda 5 za ziada kila mwezi, yaani 19 badala ya 14. Mwezi wako bora ulikuwa na oda 16.

Sasa itazame ile "mara tatu" aliyojivunia. Tuseme katika 200 hizo matangazo yalichukua 120 na ujira wake 80. Mara tatu ya 120 ni mauzo ya 360, na katika hayo wewe unabaki na 144. Umetoa 200, umepata 144. Hata kama ripoti ilikuwa kweli tupu, kila mwezi ulikuwa ukipoteza 56. Biashara inayobakiwa na 40 katika kila 100 inahitaji matangazo yarudishe mara 2.5 ili yalipe gharama yake yenyewe, na ukiongeza ujira wa mtu huyo inahitaji zaidi ya mara 4. Mtu wa masoko asiyeijua hiyo 40 yako hana njia ya kujua kama anakujenga au anakumaliza. Kwa hiyo usimwonee shaka wa tatu kwa kutaka kuona daftari. Yeye peke yake ndiye aliyetafuta namba inayoweza kumsuta baadaye. Majina na simu za wateja ni mali yako, zifunike; mwonyeshe tarehe, bidhaa, bei na gharama.

Lakini hiyo mara tatu ilitoka wapi, ikiwa daftari halikutikisika? Si lazima kijana alidanganya. Mitandao ya matangazo hujihesabia mauzo kwa kanuni zake. Kwa mpangilio wa kawaida, Facebook na Instagram hudai kwamba mauzo ni yao iwapo mtu amenunua ndani ya siku 7 baada ya kubofya tangazo, au siku 1 baada ya kuliona tu bila kuligusa. Google Ads kwa kawaida huhesabu hadi siku 30 baada ya kubofya. Mteja aliyeelekezwa kwako na jirani yake, akatafuta jina la karakana, akabofya tangazo lililokuwa juu, akaonyeshwa jingine jioni, anaweza kudaiwa na mitandao miwili kwa wakati mmoja, ilhali aliyemleta ni jirani. Mwaka 2012 eBay, soko kubwa la mtandaoni, walilijaribu jambo hili kwa vitendo: walisimamisha matangazo waliyokuwa wakiyalipia kwenye matokeo ya utafutaji wa jina lao wenyewe. Karibu wateja wote waliokuwa wakipitia kwenye matangazo hayo waliingia kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Kwako wewe, ambaye wateja wengi huja kwa kuelekezwa, hatari hiyo ni kubwa kuliko kwa biashara isiyojulikana. Yeyote utakayemwajiri mwulize mapema: "Unalipia tangazo kwa jina la karakana yangu? Kwa nini?" Zipo sababu nzuri, kwa mfano mshindani analipia jina lako. Asiyekuwa na sababu anakuuzia wateja ambao tayari ni wako.

Kuhusu wafuasi 14,000, fungua takwimu za ukurasa ukirudishiwa usimamizi wake. Wafuasi walionunuliwa huacha alama: waliongezeka maelfu kwa siku moja au mbili, wengi wako mahali usipopeleka samani, na chini ya picha kuna maoni ya "nzuri sana" na alama za moyo, wala hakuna anayeuliza vipimo au siku za kusubiri. Na watu 200,000 kufikiwa maana yake ni kwamba tangazo lilipita mbele ya skrini zao. Huo ni mwanzo wa kazi.

Jambo la kweli alilosema ni kwamba chapa hujengwa taratibu. Kosa ni kulisema baada ya kushindwa. Anayejenga chapa kwa dhati husema mwanzoni ni dalili gani itaonekana kwanza na lini: kwamba watu wanaotafuta jina lako waongezeke, au kwamba wanaouliza waanze kutaja kitanda fulani walichokiona. Hapa ndipo tunapowatenganisha watu wa masoko. Anayejua kazi hutaja kabla ya kuanza namba atakayopimwa nayo, na kiwango ambacho asipokifikia atakiri kwamba mpango wake haukufaa. Mbabaishaji husubiri mwezi uishe, kisha huchagua namba iliyopanda.

Wapime hao watatu kwa kigezo hicho.

Wa kwanza mwache. Google yenyewe huwatahadharisha wenye tovuti kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na maelezo yake yenyewe yamekuwa yakisema kazi ya namna hiyo huchukua kati ya miezi minne na mwaka ndipo matunda yaonekane. Anayeahidi siku 30 ana njia mbili. Moja ni kukuweka wa kwanza kwa maneno yasiyotafutwa na mtu, kama jina zima la karakana yako, ambako pengine uko wa kwanza hata sasa. Nyingine ni kununua viungo (links) kutoka tovuti nyingine ili ionekane unasifiwa. Hilo limekatazwa na Google, na tangu mabadiliko yake ya mwaka 2012 yaliyoitwa Penguin, tovuti nyingi ziliporomoka kwa sababu hiyo. Akiondoka, doa linabaki kwenye tovuti yako.

Wa pili usimhukumu haraka. Usiri ni wa kweli; mikataba mingi humkataza mtu kutaja mauzo ya mteja. Lakini usiri hauzuii kusema "gharama ya kumpata mteja mmoja ilishuka kwa theluthi katika miezi minne, na hivi ndivyo tulivyopima". Asilimia hazimfichui mtu. Mpe maswali matatu. Katika kazi hii yenye nembo kubwa, kipande kipi kilikuwa chako? (Wengi walichora picha moja katika kampeni ya watu thelathini, nalo ni jambo la heshima, ila si sawa na kuiongoza.) Pili, nieleze kampeni iliyoshindwa, uligundua lini, ukafanya nini siku hiyo? Tatu, nipe wateja wawili wa kuzungumza nao, mmoja awe ameshaacha kufanya kazi nawe. Huyo aliyeacha ndiye mwenye thamani. Usimwulize kama alikuwa mzuri, maana watu huoneana haya. Mwulize: mambo yalipokwenda vibaya, alikwambia yeye au uligundua mwenyewe? Akaunti ya matangazo ilikuwa kwa jina la nani? Siku ya kuachana ulipokea nini mkononi?

Unaweza pia kuthibitisha bila kumwomba mtu. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ina Maktaba ya Matangazo iliyo wazi kwa kila mtu: andika jina la ukurasa wa biashara anayodai kuitangazia, utaona matangazo yanayoendelea sasa na tarehe yalipoanza. Tangazo lililodumu miezi mingi halithibitishi kwamba linalipa, ila aghalabu watu huacha kulipia lisilolipa. Akisema anaendesha kampeni na maktaba haina kitu, tayari una swali la kumwuliza.

Wa tatu ndiye tunayemwelekea, lakini masharti yake mawili yarekebishwe. Asilimia ya bajeti ni utaratibu wa kawaida katika kazi hii, na si wizi. Ubaya wake ni kwamba kipato chake hupanda unapotumia zaidi, hata oda zisipopanda. Kwa miezi mitatu ya mwanzo mlipe ujira usiobadilika, na bajeti ya matangazo iwe na kikomo kilichoandikwa. Usikimbilie upande wa pili pia, kumlipa kwa kila oda tu. Inaonekana haki, lakini humfanya adai kila mteja aliyeingia mlangoni, atake punguzo la bei kila wiki, na walio hodari wengi hukataa kwa sababu wao hawapangi bei wala hawajibu simu. Mkataba wa mwaka uubadilishe uwe wa siku 90, kisha mwezi kwa mwezi kwa notisi ya siku 30. Siku 90 zinatosha kuona mwelekeo. Siku 30 hazitoshi, na akikubali kuhukumiwa kwa siku 30 jihadhari naye.

Kabla ya kusaini, mwulize swali moja la ufundi, hata kama jibu lake hutalielewa lote: "Kwa oda 14 kwa mwezi, utaiagiza mitandao initafutie nini?" Sababu ni hii. Mfumo wa matangazo wa Meta hujifunza kutokana na matokeo, na kwa kila kundi la matangazo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya siku 7 ili utulie. Wewe hufikishi 50 kwa miezi mitatu. Ukiuagiza utafute wanunuzi pekee, utapapasa gizani na kula fedha. Anayejua kazi atakwambia ataanza na tukio linalotokea mara nyingi zaidi, kwa mfano watu wanaoanzisha mazungumzo ya WhatsApp, na ataweka bajeti yote kwenye kundi moja au mawili. Kisha ataongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba njia hiyo huleta pia wanaouliza bei na kupotea, kwa hiyo lazima maulizo yachujwe kwa mkono. Asiyejua atagawa bajeti ndogo kwenye makundi kumi "ili kujaribu", na kila kundi litakufa kabla halijajifunza.

Namba zako ni ndogo, na udogo huo unaweza kukufanya umwonee mtu mwema au umsifu mbabaishaji. Oda zinazokaa wastani wa 14 hupanda na kushuka zenyewe: mwezi wenye oda 10 na mwezi wenye oda 18 yote ni ya kawaida bila mtu kufanya lolote. Akikuletea mwezi mmoja wa oda 17 akapiga kifua, msikilize tu. Linganisha miezi mitatu na miezi mitatu iliyotangulia, na pia na miezi hiyohiyo ya mwaka jana, kwani samani zina misimu. Muhimu zaidi, hesabu maulizo yenye uzito, kwa kuwa ni mengi kuliko oda na hubadilika mapema. Ulizo lenye uzito ni la mtu aliyetaja bidhaa, vipimo au chumba, na mahali pa kupelekewa. Hapo ndipo ule mwezi wa kwanza bila matangazo unapopata maana: bila kujua maulizo ni mangapi sasa, hakuna wa kusema baadaye kama yameongezeka.

Anza daftari la maulizo leo, kabla hujamwajiri yeyote. Safu ni tarehe na saa, alikotoka, anachotaka, alijibiwa saa ngapi, alinunua au la, na kama hakununua ni kwa nini. Swali la "umetufahamu kupitia nani au wapi?" liulizwe mwanzoni, kabla ya kuzungumzia bei, maana baada ya mapatano watu hujibu chochote. Tumia namba tofauti ya simu kwenye matangazo kama unaweza. Jibu la mteja halitakuwa kamili kila mara, ila ukilinganisha safu hiyo na ripoti ya mitandao, tofauti kubwa itakurukia machoni.

Na safu ya saa ya kujibiwa utaitazama kwa uchungu. Tunakuambia kwa nia njema: maulizo yanayoingia asubuhi na kujibiwa jioni yanapotea, kwa sababu anayetafuta kitanda huandikia karakana tatu au nne kwa mpigo. Mtaalamu akikuletea maulizo 60 na 40 yakasubiri kwa muda wa saa nane, utamfukuza asiye na kosa. Panga mtu wa kujibu ndani ya saa moja wakati wa kazi, au matangazo yaonyeshwe saa zile tu ambazo kuna wa kujibu. Ukimwona mgombea anasisitiza jambo hili hadi anakukera, ni dalili njema.

Mkatabani andikeni yafuatayo kwa maneno yenu. Ukurasa, akaunti ya matangazo, jina la tovuti na chombo cha takwimu vifunguliwe kwa jina na barua pepe yako, naye apewe ruhusa ya kufanya kazi ndani yake, bila neno la siri. Fedha za matangazo zilipwe na wewe moja kwa moja kwa mtandao, zisipitie mfukoni mwake, ili uone risiti halisi. Picha na video zilizolipiwa ni zako. Ripoti ije kila wiki mbili, ukurasa mmoja, na mstari wa kwanza uwe maulizo yenye uzito, oda, na gharama ya kila oda mpya ikiwa imejumuisha ujira wake. Kiwango cha siku ya 90 mkipange pamoja baada ya mwezi wa kwanza wa kupima. Kwa hesabu yako, kila oda mpya isigharimu zaidi ya 40. Ukitaka faida ya maana, lenga 20 hadi 25. Akisema 25 haiwezekani katika miezi mitatu, akaeleza kwa nini, na kutaja anachoweza, huyo anakuheshimu kuliko anayeahidi 10.

Kuhusu ukurasa uliobaki kwa yule kijana: mwandikie kwa upole, kwa maandishi, umwombe akupe usimamizi kamili. Neno la siri pekee halikufai, maana akaunti ingebaki kuwa yake. Akikataa, kusanya hati za usajili wa biashara, mkataba na risiti za malipo, uwasilishe malalamiko kwa mtandao wenyewe. Wakati unasubiri, fungua ukurasa mpya kwa jina lako na uwatumie kiungo chake wateja wote walio kwenye daftari lako; hao wachache ni bora kuliko 14,000 wale. Na kama kadi yako ya benki iliwahi kuunganishwa na akaunti yake ya matangazo, ipigie benki simu kesho asubuhi waizuie kukatwa, kisha pitia taarifa za miezi iliyopita tangu mlipoachana uone kama kuna kilichochukuliwa.